Bei ya kweli ni ya kilicholiwa

Mama mmoja alinifungulia daftari lake la matumizi ya jikoni. Alikuwa ameliandika kwa miezi mitatu bila kuruka siku, na alikuwa na haki ya kujivunia: bei zilipanda, yeye akabaki kwenye kiasi kilekile cha fedha. Nikapitia kurasa taratibu. Mwezi wa kwanza kulikuwa na mayai, maharage, mboga za majani, matunda, na samaki mara mbili. Mwezi wa pili samaki hakuonekana na mayai yalikuwa yamepungua. Mwezi wa tatu niliona unga, mchele, mkate, mafuta, sukari na chumvi, kisha tena unga na mchele.

"Watoto wanashiba, daktari," aliniambia kabla sijasema neno.

Nilimwamini. Mtoto aliyejaa wanga halii njaa usiku. Lakini mimi ni mtaalamu wa lishe, na kuna jambo ninaloliogopa kuliko bei zenyewe: familia ikibanwa, huanza kukata vinavyojenga mwili na damu, ikabakiza vinavyojaza tumbo. Mchumi Merrill Bennett aliliona jambo hili kwa upande wake wa pili mwaka 1941. Watu wanapopata kipato zaidi, sehemu ya nguvu wanayoipata kwenye nafaka na mizizi hupungua, na vyakula vya aina nyingine huingia mezani. Bei zikiupita mshahara, njia hiyohiyo hupitwa kinyumenyume. Upungufu wa madini ya chuma, zinki au vitamini A haupigi kelele kama tumbo tupu. Ndiyo maana katika fani yetu huitwa njaa iliyofichika.

Kabla ya kuingia jikoni, tuelewane kuhusu bei, kwa sababu wengi wananiambia wanasubiri zirudi zilikokuwa. Machi 2022, faharasa (yaani kipimo) ya bei za vyakula ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inayofuatilia nafaka, mafuta ya mimea, maziwa, nyama na sukari katika soko la dunia, ilifika juu kuliko wakati wowote tangu ianze mwaka 1990. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimeanza; nchi hizo mbili zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano, na Ukraine ndiyo iliyoongoza kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Aprili mwaka huo Indonesia nayo ikazuia mafuta ya mawese yasitoke nchini kwa wiki kadhaa. Baadaye faharasa ilishuka, lakini bei za madukani hazikushuka nayo kwa kiwango kile.

Sababu ni kwamba ngano ni sehemu ndogo tu ya bei ya mkate. Kwa hesabu za wizara ya kilimo ya Marekani, mkulima wa huko hupata kama senti 15 au 16 tu katika kila dola ambayo wananchi hutumia kwa chakula kilichozalishwa nchini mwao. Zilizobaki huenda kwa kiwanda, lori, vifungashio, umeme, mishahara na duka. Gharama hizo zikishapanda, si rahisi kuteremka. Na mtu akisikia kwamba mfumuko wa bei umepungua, asidhani bei zimepungua. Kitu cha 100 kikipanda kwa asilimia 8 kinakuwa 108. Mwaka unaofuata mfumuko "ukishuka" hadi asilimia 3, kitu hicho kinakuwa 111. Kasi ya kupanda ndiyo iliyopungua. Nasema haya bila kutaka kumkatisha mtu tamaa. Anayepanga jiko lake kwa kungoja bei za zamani atangoja huku watoto wakila wanga mtupu.

Jibu la kwanza la watu wengi ni kuhamia chapa za bei nafuu. Fanyeni hivyo, mimi pia ninafanya. Ila njia hiyo ina ukomo. Wachumi Alberto Cavallo na Oleksiy Kryvtsov walipofuatilia bei za maduka katika nchi kumi baada ya 2020, waliona kwamba chapa za bei ya chini ndizo zilizopanda kwa kasi zaidi. Aliyekuwa tayari ananunua cha chini kabisa hakuwa na pa kushukia, na ndiye aliyeumia zaidi. Jambo hili linaniuma kila ninapolikumbuka, maana ushauri wa "nunua cha bei rahisi" huwa unamwendea mtu ambaye amekuwa akifanya hivyo maisha yake yote.

Halafu kuna pakiti inayopungua kimyakimya. Gramu 1,000 zikawa 900 kwa bei ileile: hapo bei imepanda kwa asilimia 11. Zikawa 850 na bei ikaongezwa kidogo tu, kutoka 100 hadi 105: imepanda kwa karibu asilimia 24, na macho hayakuona kitu kwa sababu pakiti ina urefu uleule. Ufaransa imeyalazimisha maduka makubwa, tangu Julai 1, 2024, kuweka tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa namna hiyo. Pale ambapo hakuna sheria kama hiyo, simu inatosha kuwa mlinzi wako: gawanya bei kwa uzito, kila mara, hata kwa bidhaa unayoijua tangu utotoni. Usiamini kwamba pakiti kubwa ndiyo nafuu. Mara nyingi ndivyo ilivyo, mara nyingine sivyo, na wenye duka wanajua kwamba hatupigi hesabu.

Lakini hesabu ya dukani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa kuwa hapo ndipo nimeona familia zikipata nafuu ya kweli.

Umenunua kilo mbili za mboga. Nusu kilo ikanyauka, ukaitupa. Umetupa robo, na mtu hujiambia kuwa amepoteza robo. Ukweli ni mchungu zaidi: fedha za kilo mbili sasa zimegawanywa kwa kilo moja na nusu, kwa hiyo kila kilo iliyoliwa imekugharimu theluthi moja zaidi ya ulichoona dukani. Ni vigumu kupata punguzo la bei litakalofidia hilo. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika ngazi ya maduka, migahawa na nyumba, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Huko majumbani ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, na UNEP yenyewe inasisitiza kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na nyingine kwa upande wa majumbani ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwa hiyo familia inayokuja kwangu naipa kazi moja kabla ya ushauri wowote. Kwa siku saba, kila kinachotupwa kinaandikwa: nini, kiasi gani, na kwa nini. Sababu ndiyo muhimu. "Kimeoza" haitoshi, kilioza kwa sababu kilinunuliwa bila mpango, au kilisahaulika nyuma ya friji, au kilipikwa kingi, au mtoto hakukipenda? Kila sababu ina dawa yake. Nyumba ambayo wali hubaki kila siku inahitaji kikombe cha kupimia mchele, maana mchele ukiiva huwa mzito karibu mara tatu ya ulivyokuwa mkavu, na jicho halioni hilo. Nyumba inayoozesha mboga inahitaji kununua kidogo mara mbili kwa wiki, hata kama bei ya fungu kubwa inavutia.

Uhifadhi nao una siri ndogondogo. Ndizi mbivu, nyanya na tufaha hutoa gesi ya ethilini inayozeesha mboga za majani zilizo karibu, basi zitenganishe. Viazi vinataka giza na hewa, mbali na vitunguu. Friji iwe kwenye nyuzi 4 au chini yake, friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Na tarehe za kwenye pakiti zisikuchanganye. Tarehe ya mwisho wa kutumia inahusu usalama, iheshimu. Tarehe ya "bora kabla ya" inahusu ladha na ubora. Mchele mkavu au tambi zilizoipita kwa wiki mbili, zikiwa hazina unyevu wala wadudu, bado ni chakula.

Kuhusu kiporo nina ombi. Kiporo ni akiba, ila kiporo cha wali kina hatari yake. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani kwa saa nyingi, anazaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Basi usiuache nje zaidi ya saa mbili. Utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, uingie kwenye friji, uliwe ndani ya siku moja, na upashwe mpaka utoe mvuke. Kama huna friji, pika kinachotosha mlo mmoja. Akiba inayomlaza mtoto na kuhara si akiba.

Sasa nirudi kwenye daftari la yule mama, kwenye mstari wa maharage aliyoyafuta. Nilimuuliza kwa nini aliyaacha. Akasema kilo ya maharage ilikuwa ghali kuliko kilo ya unga, na hayo ni kweli kwa kilo. Nikamwomba tuipime kwa namna nyingine. Gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 21 au 22, kiasi kinachokaribiana na cha gramu 100 za nyama mbichi isiyo na mafuta. Nyama ikipikwa hupoteza maji na kupungua kama robo ya uzito wake. Maharage hunywa maji, na kilo moja kavu hutoka jikoni ikiwa kama kilo mbili na nusu. Protini yake haimeng'enywi kwa wepesi wa ile ya nyama, na ina upungufu wa aina fulani ya amino asidi, yaani vipande vinavyounda protini, lakini nafaka ina kile ambacho maharage hayana, na maharage yana kile ambacho nafaka haina. Vikiliwa vyote katika siku moja, vinakamilishana.

Alitaja pia gharama ya kuyapika, na alikuwa na hoja. Maharage yanayochemka saa tatu yanakula mkaa au gesi mpaka faida yote inaisha. Dawa ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji hayo, kuyachemsha mengi kwa mara moja na kugandisha yaliyobaki katika mafungu ya mlo mmoja mmoja. Ila maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauivunji. Ukiweka kando yake nyanya mbichi, limau au tunda lenye vitamini C, mwili huchukua madini ya chuma kwa wingi zaidi. Chai na kahawa zisogezwe mbali na mlo, maana huzuia chuma hicho. Kuisogeza chai kwa saa moja hakugharimu kitu chochote.

Kuna nyumba ambazo hesabu hizi zote hazitoshi, na nisingependa mtu asome hapa akadhani kwamba umaskini ni kosa la kupanga vibaya. Fedha zikiwa kidogo kabisa, swali hubadilika na kuwa nani alindwe kwanza. Jibu langu halijawahi kubadilika: mtoto wa miezi 6 hadi 23, na mama mjamzito au anayenyonyesha. Kwa watoto wa umri huo, WHO na UNICEF hutumia kipimo cha angalau makundi matano ya chakula kati ya manane kwa siku, na maziwa ya mama yanahesabiwa kuwa kundi mojawapo. Yai moja lina protini kama gramu 6. Likipatikana moja tu nyumbani, liende kwa mdogo huyo, wala mkubwa asione amenyimwa.

Yule mama alirudi baada ya wiki tano. Fedha hazikuwa zimeongezeka. Alichobadilisha ni mpangilio wa orodha: sasa anaanza kwa kununua maharage, mayai na mboga, kisha anapima mchele na unga kwa fedha iliyobaki. Mchele ulikuwa umepungua kwa karibu robo, na alinieleza ulikokuwa ukienda. Katika zile siku saba za kuandika, aligundua kwamba alikuwa akitupa sufuria ndogo ya wali karibu kila asubuhi.