Faini ya dereva si fidia ya majeruhi

Wengi hapa Moshi huamini kwamba dereva aliyemgonga mtu akishapigwa faini mahakamani, shauri limekwisha. Ni rahisi kudhani hivyo, maana ajali ni moja. Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini kwa kawaida huingia serikalini. Fidia ya mguu uliovunjika hudaiwa kando, na sheria inataka kila chombo cha moto, bodaboda ikiwemo, kiwe na bima ya mtu wa tatu, yaani inayowalipa wengine walioumizwa na chombo hicho. Piga picha namba ya usajili papo hapo. Kwa namba hiyo, bima ya chombo huhakikiwa mtandaoni. Tunza nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na risiti zote, hata ya magongo. Madai haya yana ukomo wa miaka 3, na inauma kuona majeruhi akisubiri kesi ya dereva hadi muda unampita. Asiyemudu wakili aombe msaada wa kisheria bila malipo, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.