Kupima jengo la zamani kwa picha: mambo huharibikia kwenye pembe

Wengi huanza na kamera. Mimi naanza na hesabu. Kamera yenye kihisi cha mm 23.5 na pikseli 6,000 kwa upana, ikiwa na lenzi ya mm 24, ukisimama mita 10 kutoka ukutani, kila pikseli inabeba mm 1.6 za ukuta. Mstari wa chokaa kati ya matofali ya majengo yetu ya Lubumbashi ya miaka ya 1920, kama kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, una unene wa mm 10 hivi. Unapata pikseli sita, kwa hiyo unachoreka. Rudi nyuma hadi mita 30 na mstari huo unabaki na pikseli mbili: hapo programu ya kompyuta inayounganisha picha kuwa modeli ya 3D inakisia.

Kwa mita 10, picha moja inashika karibu mita 9.8 za ukuta. Nataka kila picha irudie asilimia 80 ya iliyotangulia, basi nasogea mita 2 kila mara. Ukuta wa mita 30 unakula picha 16 kwa mstari mmoja. Mstari wa pili unapigwa kamera ikiwa juu ya mlingoti wa mita 5, la sivyo chini ya paa patabaki giza na matundu. Diafragma f/8, ISO 100, na utepe juu ya pete ya fokasi ili mkono usiiguse. Kanuni za 3x3 za CIPA, kamati ya kimataifa ya kurekodi majengo ya urithi, zilizochapishwa 1994, zinasema hivyohivyo: lenzi isichezewe, mwanga uwe mmoja, vipimo viandikwe palepale.

Sasa pembe. Mtu anamaliza ukuta wa mbele, anazunguka kona kwa hatua mbili kubwa, anaendelea na wa pembeni. Programu inaunganisha kuta hizo mbili kwa nukta chache tu, na pembe ya digrii 90 inatoka 88. Kwa macho huoni kitu, modeli inapendeza kabisa. Dawa yake ni kuizunguka kona kwa tao, picha moja kila digrii 10, yaani tisa au kumi kwa kila kona, kisha ulizunguke jengo lote hadi urudi kwenye picha ya kwanza. Usipofunga duara, ukuta mrefu unapinda kama ndizi. Picha chache zilizopigwa kamera ikiwa wima husaidia programu kuijua lenzi.

Kipimo hakitoki kwenye picha. Chapa alama kwenye karatasi za A4 na uzisimamishe kwenye vibao mbele ya ukuta. Gundi inang'oa uso wa tofali la zamani. Pima kati yake kwa mita ya chuma, kwa sababu ile ya kitambaa inanyooka ukiivuta. Vipimo vinne mpe programu, viwili vifiche. Ukimaliza, linganisha hivyo viwili na modeli. Kwa mchoro wa 1:50, mstari wa mm 0.2 ni mm 10 ukutani, basi kosa la mm 5 linavumilika. Kwa 1:20 halivumiliki.

Jua nalo lina ratiba yake. Tuko digrii 11.7 kusini mwa ikweta: mwezi wa Juni jua linapita kaskazini, na ukuta wa kusini unakaa kivulini kutwa. Huo upige saa yoyote. Wa kaskazini subiri wingu, au uwahi kabla jua halijachomoza vizuri. Desemba mambo yanageuka, ila mvua ndiyo inayoamua. Vioo, mabati mapya na majani ya jakaranda yanayotikisika yafunikwe kwa maski, yaani yazibwe kwenye picha ili programu isiyahesabu, kabla ya kuchakata.

Picha 400 za RAW, yaani ghafi kama zilivyotoka kwenye kihisi, ni GB 10 hivi. Chakata kwa mafungu na uhifadhi kila hatua, maana umeme ukikatika usiku unaanza upya. Kwa kuonyesha mtandaoni, punguza pembetatu zinazounda uso wa modeli kutoka milioni 20 hadi laki tatu. Watu wanafungua kwa simu, kwa megabaiti walizonunua.

Fundi mwashi, yeye, hana haja na modeli inayozunguka. Mpe ortofoto, yaani picha ya ukuta iliyonyooshwa hadi ipimike kama mchoro: ukuta wa mita 30 kwa 1:50 ni sm 60, unaenea kwenye karatasi ya A1, na penseli nyekundu ya kuzungushia matofali yaliyooza.