Runinga Haijafa, Mnaizika Bure

Juzi tena, ndani ya matatu: "Nani hutazama runinga siku hizi? Siasa yote iko mtandaoni." Aliyesema hayo alikuwa amemkazia macho mbunge anayebwata kwenye TikTok, na nembo ya stesheni ya runinga iko pale pembeni. Nilinyamaza hadi nikashuka. Leo sinyamazi.

Agosti 2022 nilikuwa kwenye chumba cha habari Nairobi, tukijumlisha kura za urais. IEBC, tume ya uchaguzi, ilikuwa inaweka fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo cha kura, kwenye tovuti yake, zaidi ya 46,000, na kila mwenye bando angeweza kuzifungua. Stesheni zikapakua, vijana wakaingiza namba moja moja, jumla ikapanda hewani. Sasa, wengine walianzia kaunti hizi, wengine zile, na kasi haikuwa moja. Basi huku Ruto anaongoza, kule Raila. Fomu ni zilezile!

Usiku shangazi akanipigia. "Mwanangu, hata nyinyi mnaiba kura?" Alikuwa ametumiwa picha mbili kwenye WhatsApp, skrini yetu na ya jirani zetu, zimewekwa bega kwa bega. Yetu ilikuwa ya saa tatu nyuma. Saa iliyoandikwa kwenye skrini imekatwa. Idadi ya fomu zilizokwisha kuhesabiwa, ambayo ndiyo habari yenyewe, nayo imekatwa.

Wataalamu wa jioni huiita hiyo "habari feki ya mitandao". Feki wapi? Namba zilikuwa za kweli, zimevuliwa saa tu. Na zilitoka mtandaoni, zikapita kwetu, zikavaa suti ya taarifa ya habari, zikarudi mtandaoni zikiwa ushahidi. Bila sisi, shangazi asingeziamini. Bila WhatsApp, zingepita baada ya dakika kumi na kusahaulika. Niambie sasa lawama niigawe vipi.

Tena, kama runinga ni maiti, mbona serikali huikaba koo? Januari 30, 2018, Raila akila kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, NTV, KTN na Citizen zilizimwa. Juni 25, 2025, amri ya kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, mawimbi yakakatwa, hadi mahakama ikaisimamisha amri siku hiyohiyo. Mara zote mbili watu walihamia YouTube, kutazama nini? Kamera zilezile za stesheni zilezile.

Jambo moja hunisumbua. Miaka mingi nimesoma hewani ujumbe wa watazamaji nikidhani nawaingiza kwenye siasa. Baadaye nikaona majina ni yaleyale, nikashuku kwamba mtu akisikia jina lake saa moja usiku huridhika, akalala. Nilikuwa nikiwaambia hivyo hata vijana wa mafunzo, kwa kujiamini kabisa. Ikaja Juni 2024, mswada wa fedha wa kuongeza kodi, na haohao niliodhani wataishia kwenye simu wakajaa barabarani hadi Bungeni. Sisi ndio tuliokuwa tukiwafuata mbio na kamera, tukiuliza kiongozi wenu ni nani.