Popo wa Pemba katika ukuta wa maktaba

Katika picha ninazozionesha kwenye ukumbi wa kusomea wa maktaba hapa Chake Chake, ya popo wa Pemba ndiyo niliyoitundika chini kuliko zote, usawa wa macho ya mtoto wa skuli ya msingi. Nilitaka mtoto atazamane naye uso kwa uso: ayaone manyoya ya rangi ya kutu na macho makubwa ambayo, pamoja na pua, ndiyo yanayomfikisha kwenye embe na mashelisheli, kwa kuwa popo huyu, tofauti na wale wadogo wa mapangoni, hatafuti njia kwa mwangwi wa sauti yake.

Hapatikani penginepo duniani ila kisiwani kwetu. Aliwindwa sana kwa ajili ya nyama, hata mwaka 1996 akahesabiwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Idadi yake imepanda tangu wanavijiji walipoanza kuilinda miti anamolala.

Nilimpiga picha Kidike, ambako popo hushinda mchana wakining'inia mitini. Nilisimama mbali, nikatumia lenzi ya milimita 400 bila flashi. Ningesogea, picha ingekuwa kubwa zaidi, lakini popo akitishwa mchana huruka ovyo na kupoteza nguvu alizoziweka kwa safari ya usiku, na mama aliyembeba mtoto kifuani ndiye anayetaabika zaidi. Picha inayopatikana kwa njia hiyo siitaki, hata ikipendeza vipi. Walipoondoka wakati wa magharibi nilipandisha kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, hadi 1/1000 ya sekunde ili mabawa yasitoke na ukungu, nikaridhia chembechembe zinazoonekana angani kwenye picha.

Ukuta nao ulihitaji kufikiriwa. Jua la alasiri hufifisha wino, na kioo humrudishia mtazamaji sura yake mwenyewe. Basi nimechagua ukuta usiopigwa na jua, karatasi isiyong'aa, na nyuma ya kila fremu nimeacha nafasi ya kidole hewa ipite, kwa sababu unyevu wa masika huotesha koga.

Kima punju wa msitu wa Ngezi nimemtenga pembeni, kwani aliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, na maelezo yake yanasema hivyo waziwazi. Kwenye maelezo ya popo nimeanza na mbegu anazozidondosha anaporuka kutoka mti hadi mti, kisha ndipo nikataja urefu wa mabawa yake, unaozidi mita 1.5.