Kadi ya memori ni nzima, bodi ndiyo haijajieleza

Kuna dhana potofu kadhaa kuhusu kadi za memori kwenye bodi (mbao za saketi) zinazoendesha Linux. Iliyozaa nyingine zote ni hii: chipu kuu ikiwa moja, draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, itafanya kazi kwenye bodi yoyote. Sivyo. Draiva inakijua kidhibiti, sehemu ya chipu inayozungumza na kadi. Haijui mchoraji wa bodi alipitisha wapi waya wa kuhisi kadi, kama volti ya waya huo hupanda au hushuka kadi inapoingia, wala kama umeme wa kadi unaweza kukatwa.

“Kadi imekataa kuandikwa, basi imekufa.” Kadi nzima hutupwa kwa sababu hii. Kile kiswichi cha pembeni mwa SD kubwa ni kipande cha plastiki tu; kadi yenyewe haijui kimesukumwa upande gani. Tundu la kwenye bodi ndilo linalokihisi. MicroSD haina hata hicho kiswichi! Bodi yenye tundu la microSD ikiacha pini ya kuhisi kiswichi hicho ikielea bila kuunganishwa popote, kidhibiti husoma chochote, na Linux inaweza kuamini kwamba kadi ni ya kusoma tu. Dawa ni neno moja kwenye divaisi trii, lile faili linaloieleza bodi kwa kerneli, kiini cha Linux: `disable-wp`. Pini ya kuhisi kadi ikiwa kinyume, `cd-inverted`. Ikiwa haipo kabisa, `broken-cd`, na kerneli itachungulia yenyewe kila mara. eMMC, hifadhi ya jamii ya kadi iliyochomelewa kwenye bodi, huandikiwa `non-removable`.

“Si uweke tu sharti la jina la bodi ndani ya draiva?” Upande wa chipu za ARM, bodi nyingi kila moja ilikuwa na faili lake la lugha ya C ndani ya kerneli, na vurugu ikakua hadi Linus Torvalds, muasisi wa Linux, akalalamika hadharani mwaka 2011. Divaisi trii ikashika nafasi hiyo. Alama za kasoro zilizojaa kwenye `sdhci.c`, faili la draiva yenyewe, ni jambo jingine: nyingi ni za vidhibiti visivyofuata barabara SDHCI, kiwango cha vidhibiti vya kadi za SD. Kasoro ya chipu ikae kwenye draiva. Uamuzi wa mchoraji ukae kwenye maelezo ya bodi.

“Kadi ya kasi itakimbia popote.” Kadi ya UHS-I, aina mojawapo ya kadi za kasi, huanza kwa volti 3.3 na saa isiyozidi kHz 400. Ili ifike MHz 208 za SDR104, hali yake ya kasi kabisa, ishara lazima zishuke hadi volti 1.8. Bodi isiyoweza kushusha iandikiwe `no-1-8-v`, itosheke na MHz 50. Kero zaidi ni bodi inayoshusha lakini haiwezi kukata umeme wa kadi. Kadi ikishashuka hairudi 3.3 mpaka ikatiwe umeme, kwa hiyo ukichomoa waya wa umeme na kuurudisha bodi inawaka vizuri, lakini ukiandika `reboot`, ambayo hapo haikati umeme wa kadi, haiioni kadi.