Boksi la Rangi ya Nywele Halijui Una Mimba

Juma hili tena nimeletewa boksi la rangi ya nywele kutoka Kikuubo, soko la Kampala: "Mama, si limeandikwa imepimwa na madaktari wa ngozi? Basi hata mjamzito apake." Jamani! Hapo watu wazima waliojitolea hupakwa, wakatazamwa kama wanawashwa au kuvimba. Mtoto wa tumboni hakuhusishwa. Na "haina amonia" ni habari ya harufu. PPD, kemikali inayotia rangi nyeusi na inayoweza kuwasha ngozi, inaweza kuwamo humohumo.

Kupima usalama wa mimba ni kazi nyingine. Panya wenye mimba hupewa kemikali kila siku, tangu mimba inaposhika hadi karibu na kuzaa, kwa dozi tatu. Ya juu inatakiwa ianze kumsumbua mama. Kisha vijusi hukaguliwa mifupa na viungo vya ndani. Hapa ndipo ninapogombana na pande zote. Muoga hukazania "panya walidhurika" bila kutaja dozi, ilhali panya alilishwa kila siku na wewe unapaka kichwani baada ya wiki kadhaa, na kinachopenya ngozi ni kidogo sana. Ukiniambia panya hawakudhurika kwa hiyo tumalize, nakukumbusha thalidomide, dawa waliyomeza wajawazito zamani: panya waliistahimili, sungura na binadamu hawakuiweza, na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na ulemavu. Kipimo cha Ames, kinachotumia bakteria, tukiache. Hicho huonyesha mabadiliko ya jeni, si madhara kwa mimba.

Kwa binadamu, nani atawaandikisha wajawazito awapake makusudi? Tunafuatilia wafanyakazi wa saluni, ambao pia husimama kutwa na kuvuta mivuke ya kila dawa. Dhara lipi ni la rangi? Hata ushauri wangu wa kusubiri wiki 12 za kwanza za mimba zipite ndipo upake haukutokana na utafiti ulioonyesha madhara ya wiki hizo. Ni tahadhari tu, kwa sababu viungo vinaumbwa wakati huo.

Kinachonikosesha usingizi ni ile "hina nyeusi" wanayochorwa maharusi, wengine tayari wana mimba, eti ni ya asili. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia. Ikiwa nyeusi tii kwa muda mfupi, mara nyingi imetiwa PPD, kwa kukadiria na kijiko. Ulaya kikomo chake kwenye rangi ya nywele ni asilimia 2 ikishachanganywa, na kuipaka ngozini hairuhusiwi kabisa. Dada, muulize mchoraji ametia nini. Akijibu ni siri ya kazi, nyanyuka uende.