Jamaa Yuko Majuu: Dhana Potofu Kuhusu Mchezaji wa Kikapu Anayelipwa Ng'ambo

Jumapili moja nje ya ukumbi wa Nyayo, mama mmoja alimuuliza kijana aliyekuwa amerudi likizo: "Kwani huyo LeBron ni mtu wa aina gani?" Kijana akacheka kwa adabu. Alikuwa amemaliza misimu mitatu Ulaya, katika mji mdogo ambao hata wenyeji wa nchi ile hawaendi bila sababu. LeBron, nyota wa kikapu wa Marekani, yeye alimwona kwenye televisheni tu, kama mama yule.

Kijana huyo ni rafiki yangu tangu shule. Tulianza pamoja kwenye benchi, na mimi benchi lile sikuwahi kulihama. Kwa hiyo sisemi kwa uzoefu wa uwanjani. Nasema kwa sababu nimesoma mikataba yake, nimepokea simu zake za usiku, na nimechoka kusikia mtaani maneno yasiyokuwepo.

Dhana: kucheza majuu ni kucheza NBA, na asiyefika huko hajafika popote.

NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ina timu 30. Kila timu inaruhusiwa mikataba 15 ya kawaida, na tangu msimu wa 2023-24 inaongezewa mitatu ya wachezaji wanaopanda na kushuka kati yake na timu yake ya ligi ya chini. Piga hesabu: nafasi 540, dunia nzima. Drafti nayo, yaani zamu ya timu kuchagua vijana wapya, haizidi wachezaji 60 kwa mwaka. Wanaokula kwa mpira huu nje ya NBA ni wengi kuliko walio ndani, mara nyingi tu: wako Hispania, Uturuki, Ujerumani, Japani, Ufilipino, Misri.

Na Denmark. Mtu akikwambia Denmark si kitu, mrudishe Yaoundé, Kamerun, Februari 2021. Kenya ilikuwa nyuma ya Angola kwa pointi moja, saa inaisha, Tylor Ongwae akajivuta nyuma na kuachia mpira. Ukaingia, 74-73, na Kenya ikafuzu AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ambao mashindano yalichezwa hapa hapa Nairobi. Ongwae alikuwa akilipwa na Bakken Bears, klabu ya Denmark. Wiki ile ile kuna mtu aliniuliza, kwa dhati kabisa, "Sasa huyu ataenda lini kucheza kikweli?"

Dhana: ukiwa mrefu, kazi imekwisha.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyesoma Makongo, ana mita 2.21. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies, timu ya NBA, walimchukua namba mbili katika drafti, juu ya karibu kila kijana wa rika lake duniani. Mechi yake ya mwisho ya NBA ilikuwa 2014. Baada ya hapo alicheza Japani na Taiwan, na wengi hapa kwetu humtaja kama mtu aliyepotea. Mtu aliyekuwa bado analipwa kucheza miaka kumi baada ya drafti alipotelea wapi? Urefu humfungulia mtu mlango. Kubaki ndani ni habari ya magoti, mikono laini, na kuelewa kocha anayefoka kwa lugha usiyoijua.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo uongo ulipoota mizizi.

Dhana: akishasaini, ni milionea. Ukweli ni kwamba mkataba wa kawaida wa ligi za kati huko Ulaya ni wa msimu mmoja, yaani miezi minane hadi kumi. Miezi inayobaki hulipwi. Klabu hukupa nyumba, tiketi ya ndege, mara nyingine gari. La rafiki yangu walikuwa wanashirikiana wawili, yeye na Mmarekani aliyependa kuchelewa. Hata ukishasaini, mikataba mingi haianzi kufanya kazi mpaka upite vipimo vya daktari baada ya kutua. Goti likikataa siku hiyo, unarudi na begi lako.

Halafu kuna suala la kuwa mgeni. Karibu kila ligi huwekea kikomo wachezaji wa kigeni. Ujerumani, kwa mfano, katika kikosi cha mechi cha watu 12, sita lazima wawe Wajerumani. Kwa hiyo nafasi ya mgeni ni ghali, na timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, macho humgeukia yeye kwanza. Mwenyeji atavumiliwa, mgeni atakatwa na mwingine atakuwa uwanja wa ndege wiki hiyo hiyo.

Mshahara nao huchelewa. Msimu wa kwanza rafiki yangu alilipwa mwezi wa kwanza wote, wa pili nusu, na wa tatu akaambiwa "wiki ijayo". (Wiki ijayo ya Ulaya ni sawa na ya Nairobi, haina tarehe.) Hapo ndipo tulipojifunza kuhusu baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu, lililoanzishwa na FIBA, shirikisho la kikapu duniani, mwaka 2007 na lenye makao yake ya kisheria Geneva. Mchezaji au wakala anayedai klabu hupeleka kesi huko, kwa Kiingereza, na kwa kawaida msuluhishi mmoja huamua. Klabu ikikaidi uamuzi, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hilo huuma kuliko faini.

Lakini baraza hilo husikiliza tu kesi ambazo pande zote zilikubaliana zipelekwe kwake, na kwa kawaida makubaliano hayo ni kipengele ndani ya mkataba. Chetu hakikuwepo. Mkataba ulikuwa na kurasa nne, na sisi tulisoma ile yenye mshahara.

Wakati huo huo simu ya nyumbani haikunyamaza. Karo ya mtoto wa shangazi, harambee ya jirani, paa la nyumba ya shamba. Akitumia M-Pesa mara moja, amejiandikisha maisha. Hakuna aliyemuuliza kama amelipwa. Angesema hapana, nani angemwamini? Picha zake zilikuwa na theluji nyuma.

Dhana nyingine huwaumiza wazazi moja kwa moja: kwamba wakala hulipwa kwanza, safari baadaye. Wakala wa uhamisho wa kimataifa anatakiwa kuwa na leseni ya FIBA, na malipo yake kwa desturi ni asilimia ya mkataba ukishasainiwa, mara nyingi ikitoka kwa klabu. Anayekuomba "ada ya usajili" kwenye WhatsApp kabla hujaona jina la timu anauza kitu kingine. Tena, kanuni za FIBA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine kwa ajili ya kikapu, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Anayemwahidi mtoto wa miaka 15 mkataba wa Ulaya, mwombe akuonyeshe ruhusa hiyo. Hata mtu mzima haondoki hivi hivi: shirikisho la nchi alikokuwa akicheza lazima litoe barua ya kumwachilia.

Na wasichana? Wengi hupitia vyuo vya Marekani, kama Madina Okot aliyechezea Mississippi State kabla ya kuhamia South Carolina. Akiwa chuoni, mtu bado ni mwanafunzi. Anayemhesabia mishahara ya kulipwa amewahi mno.

Dhana ya mwisho, ile inayomkera rafiki yangu kuliko zote: ukirudi Afrika, umeshindwa. BAL, ligi ya klabu za Afrika, ilipoanza Kigali mwaka 2021, kila timu iliruhusiwa wageni wasiozidi wanne, na kati yao wasiozidi wawili kutoka nje ya Afrika. Maana yake Mkenya akawa bidhaa. Tom Wamukota alicheza msimu ule na Patriots ya Rwanda. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder wakawa timu ya kwanza ya Kenya kuingia BAL. Kwa baadhi ya vijana, Kigali inalipa kwa wakati kuliko mji ule wenye theluji, na mama anaweza kuja kutazama kwa basi.

Rafiki yangu siku hizi anacheza karibu na nyumbani. Vijana humletea mikataba aisome, wakimkuta pale pale nje ya Nyayo. Haanzi na mshahara. Hufungua ukurasa wa mwisho, akatafuta neno Geneva. Juzi hakuliona. Akaikunja karatasi, akamrudishia kijana, akamwambia awapigie tena kabla hajashika kalamu.